Jumatano Hatukwenda

Niliandika 43. Kisha 37. Kisha 41. Ilikuwa Jumapili, saa tano na dakika arobaini usiku, nimekaa kitandani Tunduma, bando limebaki la kusuasua na kishikwambi kiko mapajani. Nambari hizo tatu sikuzihesabu popote. Nilizitunga kichwani, nikazitazama zilivyokaa pembeni ya zile mbili za kweli, 46 na 39, nikaona zimependeza. Nikabofya "Wasilisha". Skrini ikanipongeza.

Nilikuwa kwenye wiki ya nne ya mafunzo ya mtandaoni kwa walimu wa sayansi na hisabati. Walitufundisha jinsi ya kuwafundisha wanafunzi kukusanya data, kuzipanga, kuzichorea grafu na kuzisoma. Waandaaji siwataji, kwa sababu kosa ninalotaka kulizungumzia ni langu. Mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba somo la takwimu linaweza kuanza nje ya darasa, barabarani, kabla hujafika kwenye kanuni ya wastani.

Kazi ya wiki ile ilisema: chagueni kitu kinachotokea katika mazingira yenu, mkihesabu kwa siku tano mfululizo, muda uleule. Tunduma hapo hamna haja ya kufikiri sana. Barabara inayotoka Dar es Salaam inapita kwetu kuingia Zambia, na malori hayakauki: ya mafuta yakienda, ya shaba ya Zambia na Kongo yakirudi. Tukakubaliana, mimi na wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha pili, kuhesabu malori yanayopita kuelekea mpakani kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi. Jumatatu tukapata 46. Jumanne 39. Jumanne jioni nikapigiwa simu: msiba, Ileje. Nikaondoka alfajiri, nikarudi Ijumaa usiku. Shuleni kwetu wanafunzi hawaruhusiwi kusimama kando ya barabara kuu bila mwalimu, kwa hiyo siku tatu zilipita bila mtu kuhesabu.

Fomu ilikuwa na visanduku vitano. Kila kimoja kilikuwa na nyota nyekundu, maana yake lazima kijazwe. Niliacha vitatu wazi, fomu ikagoma. Nikaweka kistari, ikaniambia niingize nambari. Nikaweka 0. Hapo ikakubali, lakini mimi ndiye niliyesita. Sifuri ni neno zito. Inasema: nilikwenda, nikasimama saa nzima, nikatazama, na hakikupita kitu. Sikutaka kusema uongo wa namna hiyo. Basi nikafuta sifuri, nikaandika 43, 37 na 41. Mpaka leo hunijia kicheko cha uchungu nikikumbuka: nilikataa uongo mmoja kwa kuwa ulionekana uongo, nikachagua mwingine kwa kuwa ulifanana na kweli.

Wastani ulitoka 41.2. Msimamizi wa mafunzo aliniandikia kwamba data zangu ni safi. Grafu yangu ikawekwa kama mfano kwa wenzangu. Mwisho wa wiki ya sita nikapata cheti.

*

Wiki iliyofuata niliichora grafu ile ubaoni, nguzo tano za chaki, nikaanza kuuliza maswali niliyofundishwa: siku ipi ina malori mengi? Tofauti ya kubwa na ndogo ni ngapi? Binti mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili.

"Samahani mwalimu. Jumatano hatukwenda."

Darasa likanyamaza ule ukimya wa wanafunzi wanaosubiri kuona mwalimu atafanya nini. Nikasema kwamba tumekadiria. Akakubali kwa kichwa, kwa adabu, halafu akaongeza kitu ambacho nadhani hakukusudia kuniumiza nacho.

"Kwa sababu Jumatano foleni haikutembea kabisa. Mama aliuza chai mpaka saa sita mchana, chupa zikaisha akarudi kuchemsha nyingine."

Anayeijua Tunduma anaelewa mara moja. Kuna siku malori husimama. Yanajipanga kwenye barabara kilomita kwa kilomita, madereva wanashuka, wanakaa chini ya matela, wananunua chai, chapati, mahindi ya kuchoma. Kwa mji mzima hiyo ni habari. Siku ile mimi nilikuwa Ileje, sikujua. Lakini grafu yangu ilijua, au ilijifanya inajua: Jumatano, malori 43, siku ya kawaida kabisa.

Nimeifikiria Jumatano hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria jambo lolote lililofundishwa kwenye mafunzo yale.

*

Utetezi wa kwanza niliojipa ni huu: hakuna aliyeumia. Hakuna barabara itakayojengwa vibaya kwa sababu ya 43 yangu, wala daktari atakayezidisha dozi. Zilikuwa nambari za zoezi. Na kweli, nikitafuta mwathirika mwenye jina na sura, simpati kwa urahisi.

Lakini tazama nilichofuta. Katika siku tano zile, siku moja tu ndiyo iliyokuwa na jambo la kujifunza. Jumatatu na Jumanne zilituambia kile ambacho kila mtoto wa Tunduma anakijua, kwamba malori ni mengi. Jumatano ingetulazimisha kuuliza: kwa nini? Nini husimamisha foleni, nani anapata hasara, nani anauza chai? Hilo ndilo lingekuwa somo. Mimi nikalifunika kwa nambari ya kawaida.

Na isingeweza kuwa vinginevyo. Anayepika data hupika anachokijua tayari. Hakuna mtu anayetunga jambo la kumshangaza mwenyewe. Nilipotafuta nambari ya kuweka, nilitafuta inayofanana na nilizonazo, isiyozidi sana wala kupungua sana, ili nisishtukiwe. Kwa hiyo data za kupika, hata zikitokea karibu na ukweli, haziwezi kutufundisha kitu. Wahenga walisema jambo usilolijua ni kama usiku wa giza. Nilichofanya mimi ni kuchora taa kwenye karatasi na kusema kumekucha.

*

Utetezi wa pili: kila mtu anafanya. Huu niliuona una nguvu zaidi, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilipoufuatilia ulinirudisha kwenye maabara yangu mwenyewe.

Ukisoma fizikia sekondari Tanzania, umewahi kufunga jiwe kwenye uzi, ukalibembeza, ukahesabu mizunguko ukiwa na saa mkononi, ili upate mchapuko wa mvutano wa dunia. Jibu la kitabu ni 9.8. Nimesahihisha madaftari ya zoezi hilo kwa miaka, na wanafunzi wangu, wenye uzi wa kushonea na mawe ya uwanjani, hupata 9.8 karibu wote. Nakumbuka kijana mmoja aliyepata 9.3. Nilimwona akitazama daftari la jirani, akatoa ufutio. Aliponiletea, ilikuwa 9.8. Nikampa alama ya vema.

Sikuwahi kumwambia maneno "danganya". Nilimfundisha kwa kalamu nyekundu. Alijifunza kwamba kipimo chake ni kosa mpaka kifanane na cha kitabu, na kwamba kazi ya mkono na jicho ni kufika pale ambapo mwalimu yuko tayari. Kisha kijana kama huyo anakua, anakuwa mwalimu, muuguzi, afisa kilimo, anakabidhiwa fomu ya mwezi yenye visanduku. Tunashangaa nini akivijaza?

Kuna Mtanzania mmoja ambaye hakutoa ufutio. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walitakiwa kuchemsha maziwa na sukari, wayaache yapoe, ndipo wayaweke kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa inakwisha, akaweka yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyowekwa baridi. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa, kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake. Hata hivyo alipokuja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, akamuuliza na yeye, mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka.

Osborne alirudi chuoni akamwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, na akaahidi kuendelea kurudia jaribio hadi apate jibu sahihi. Ninampenda sana fundi huyo. Ni mimi. Ni sisi wote tuliosomeshwa kwamba jibu lipo kabla ya kupima. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education, na jina la yule kijana likabaki kwenye sayansi ya dunia.

Simulizi hiyo hupendwa kwa sababu mnyonge anashinda. Lakini ina sehemu ya pili ambayo huachwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia majaribio kwa uangalifu mkubwa na hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Walionyesha pia kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kukupa matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Wengine wanaendelea kubishana nao.

Je, Mpemba alikosea? Yawezekana. Lakini tazama kwamba heshima yake haitikisiki. Hakuahidi kwamba maji yote ya moto duniani huganda haraka. Alisema: niliweka haya, nikaona haya, naomba mnieleze. Unaweza kuwa mkweli na ukakosea. Na unaweza, kama mimi na 43 yangu, kupatia kwa bahati na bado ukawa mwongo. Ukweli wa data hauko kwenye nambari peke yake, uko kwenye sentensi isiyoandikwa iliyo nyuma yake: nilikuwapo, niliona. Kila kisanduku ni ushahidi, na aliyekijaza ni shahidi. Mimi nilitoa ushahidi wa mahali ambapo sikuwapo.

*

Kishikwambi nilichotumia usiku ule kilikuwa na historia. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Serikali iligawa vishikwambi vya sensa kwa walimu. Wengi wetu tulikuwa makarani wa sensa hiyohiyo, kwa hiyo tulipewa tena kifaa tulichokizoea. Nilitembea nacho kaya kwa kaya nikiuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kuna nyumba nilikuta zimefungwa. Majirani waliniambia, "Andika tu, ni mume, mke na watoto watatu, tunawajua." Sikuandika. Nilirudi jioni. Nyumba moja niliirudia mara tatu, na nilipowakuta walikuwa saba.

Matokeo yalipotangazwa, Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120. Nilipoisikia nambari hiyo nilifurahia ile ishirini ya mwisho. Kwenye bahari ya milioni, kuna mtu alirudi mara tatu kwenye nyumba iliyofungwa.

Basi swali lililonitesa ni hili: mtu yuleyule, kifaa kilekile, kwa nini mara ya kwanza alirudi na mara ya pili akapika? Jibu la haraka ni kwamba sensa ni jambo kubwa na zoezi ni dogo. Siamini. Nadhani tofauti ilikuwa watu. Kwenye sensa kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango mtu wa kutazamana naye. Kwenye mafunzo kulikuwa na mimi na mstari wa bluu unaosogea kutoka asilimia 60 kwenda 80. Msimamizi alikuwa mbali, sura yake sikuijua. Kilichokuwa karibu kilikuwa cheti.

Hapa unaingia utetezi wa tatu: mfumo ndio ulionilazimisha. Nusu yake naikubali. Fomu inayokataa kisanduku kitupu imekwisha amua kwamba haitaki kujua kilichotokea, inataka kujaa. Anayeandaa mafunzo ya data kwa walimu, akaweka nyota nyekundu kila mahali, anafundisha somo moja kwa video na lingine, lenye nguvu zaidi, kwa fomu. Mwalimu wa Momba anayetafuta mtandao juu ya kichuguu, mwenye vipindi ishirini na nane na mwisho wa kuwasilisha usiku wa manane, atajifunza lile la pili. Na mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umejengwa kwa fomu za namna hiyo: madawati mangapi yanapungua, wasichana wangapi wameacha shule. Nambari hizo zinaanzia kwenye meza za walimu kama mimi.

Nusu nyingine siikubali. Kulikuwa na mahali pa kumwandikia msimamizi. Mstari mmoja ungetosha: nilikuwa msibani, siku tatu hazikuhesabiwa. Sikuandika kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu niliogopa angenirudisha nyuma. Mfumo uliufungua mlango wa uongo, lakini miguu iliyoingia ilikuwa yangu.

*

Cheti kilizaa matunda haraka. Mkuu wa shule alinipangia kuongoza kikao cha jumuiya ya kujifunza, ule utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukaa pamoja shuleni kwao, wakijadili ufundishaji, wakisaidiwa na moduli za mtandaoni za Taasisi ya Elimu Tanzania. Mada: stadi za data. Nilikuwa nimeandaa slaidi kumi na nne, na ya sita ilikuwa grafu ya malori.

Nilipofika ya sita nikasimama. Nikawaambia.

Walicheka kwanza. "Mwalimu, na wewe!" Kisha mwalimu wa kemia akasema kwamba kwenye jaribio la asidi na besi, lile la kudondosha tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, yeye huwatajia wanafunzi jibu mapema ili wasipoteze kemikali, maana ni chache. Mwingine akazungumzia mahudhurio. Mwalimu mkubwa kuliko sisi wote, ambaye kwa kawaida hasemi vikaoni, akauliza: "Sasa tukiacha wazi, tutaitwa wazembe. Nani atatutetea?" Hakuna aliyemjibu, na mimi bado sina jibu kamili. Najua tu kwamba swali lile halikuulizwa popote katika wiki sita za mtandaoni, na liliulizwa siku ile kwa sababu tulikuwa chumba kimoja tukitazamana.

Siku hiyohiyo niliwaandikia waandaaji nikieleza yote. Baada ya wiki mbili nikajibiwa kwa upole kwamba wamethamini uaminifu wangu, lakini moduli imefungwa na alama haziwezi kubadilishwa. Kwa hiyo cheti bado kiko droo ya juu. Sijakichana. Nikiwa mkweli, kwenye taarifa yangu ya utendaji nimekitaja, kwa kuwa wiki tano kati ya sita nilizifanya kwa jasho langu. Sijui kama hilo ni haki au ni 43 nyingine. Msomaji ataamua.

Na wanafunzi tulirudi barabarani. Safari hii jedwali lilikuwa na safu ya ziada: "Sababu". Siku ya kwanza tu makundi mawili yakagombana, moja likidai lilianza saa 1, jingine likiwa limeandika saa 12. Kumbe simu ya kundi la pili, lililosimama karibu na mpaka, ilikuwa imenasa mnara wa Zambia, na Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Hapo kale ningechagua saa iliyo sahihi na kufuta nyingine. Tuliandika zote mbili, na kwenye "Sababu" tukaandika mnara upi. Kipindi kizima kikaisha tukijadili: saa ya nani? Sijawahi kufundisha somo bora kuliko hilo.

Ile grafu ya kwanza tuliichora upya kwenye karatasi kubwa, ikabandikwa ukutani. Nguzo mbili, Jumatatu na Jumanne, kisha nafasi tupu ya siku tatu. Mwezi uliopita alikuja mgeni kutoka wilayani, akaitazama, akamgeukia binti aliyekaa karibu nayo, yuleyule.

"Hii hamjamaliza?"

"Tumemaliza," akasema. "Jumatano hatukwenda."